Wakimbizi Waliompa Sikorsky Mbawa

Mwaka 1923, katika shamba la kuku huko Long Island, nje kidogo ya New York, kundi la wakimbizi kutoka Urusi lilikuwa likiunda ndege mahali pa wazi, juani na mvuani. Mwenye shamba, Victor Utgoff, aliwahi kuwa rubani wa jeshi la majini la Urusi. Vyuma vingine walivitoa kwenye vitanda chakavu vya hospitali, na vikazio vya nyaya walivinunua katika duka la bidhaa rahisi. Waliokuwa wakipiga nyundo ni watu waliopoteza kila kitu katika mapinduzi ya 1917, na wengi walifanya kazi bila mshahara wa uhakika. Aliyewaongoza ni Igor Sikorsky.

Wengi hulijua jina hilo kwa sababu ya helikopta. Ila helikopta ilimjia ukubwani, na isingeruka kamwe kama si watu hawa waliomwamini alipokuwa hana kitu.

Sikorsky alizaliwa Kyiv mwaka 1889. Baba yake alikuwa profesa wa saikolojia, na mama yake, aliyesomea udaktari, ndiye aliyemsimulia habari za Leonardo da Vinci na michoro yake ya mashine za kuruka. Mwaka 1909 kijana huyo alirudi nyumbani kutoka Paris akiwa na injini ya Anzani ya nguvu za farasi 25, akaunda helikopta. Haikuinuka. Ya pili, mwaka 1910, iliweza kuinua uzito wake yenyewe, lakini si pamoja na rubani. Akaiweka ndoto hiyo kando na kugeukia ndege za kawaida.

Huko alifanikiwa mapema mno. Siku moja injini ilimzimikia angani kwa sababu mbu alikuwa ameziba njia ya petroli ndani ya kabureta, akaponea chupuchupu. Kutokana na kisa hicho alishikilia kwamba ndege kubwa lazima iwe na injini zaidi ya moja. Mei 1913, wakati wataalamu wengi wakisema jambo hilo haliwezekani, alirusha ndege ya injini nne yenye chumba cha abiria kilichofungwa kwa vioo. Mwaka uliofuata ndege iliyoifuata, Ilya Muromets, ilitoka St. Petersburg hadi Kyiv na kurudi. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza ikageuzwa kuwa ya kudondosha mabomu, na zaidi ya 70 ziliundwa.

Mapinduzi yalifuta yote hayo. Mapema mwaka 1918 Sikorsky aliondoka kwa meli kupitia Murmansk. Ufaransa ilimpa kazi ya kubuni ndege ya kivita, lakini vita vikaisha na kazi ikaisha navyo. Tarehe 30 Machi 1919 alishuka New York. Kiwanda kilichomtaka hakikuwepo, kwa kuwa majeshi yalikuwa na ndege za ziada. Aliishi kwa maharage na kahawa, akiwafundisha hesabu wahamiaji wenzake wakati wa jioni. Miongoni mwa waliomsikiliza akizungumzia ndege ndimo walimopatikana wanahisa wa kwanza wa kampuni aliyoianzisha.

Fedha zilikuja kidogo kidogo, mpaka mtunzi wa muziki Sergei Rachmaninoff, mkimbizi kama wao, aliponunua hisa za dola 5,000 na kukubali kuitwa makamu wa rais wa kampuni ili jina lake liwavute wengine. Mei 1924 ndege ile ya shambani ikawa tayari. Siku ya kuijaribu, mafundi walioitolea jasho walijipakia ndani, na Sikorsky hakuwa na moyo wa kuwashusha. Injini zake kuukuu zilishindwa na uzito ule, ikaanguka katika uwanja wa gofu. Hakuna aliyekufa. Wanahisa walichanga tena, zikanunuliwa injini mbili zenye nguvu zaidi, na kabla mwaka haujaisha ndege hiyo, S-29-A, ilikuwa ikiruka vizuri. Moja ya mizigo yake ya kwanza ya kulipiwa ilikuwa piano mbili kubwa zilizopelekwa Washington.

Kampuni ilisimama kweli mwaka 1928 kwa S-38, ndege iliyotua majini na nchi kavu. Moja ya hizo ilifika Afrika Mashariki. Wapiga picha Martin na Osa Johnson waliipaka milia ya pundamilia, na mwenzake mdogo, S-39, wakaipaka madoa ya twiga. Mwaka 1933 na 1934 walipita nazo juu ya Mlima Kenya na Kilimanjaro wakipiga picha za filamu. Mmoja wa marubani wao alikuwa Boris Sergievsky, mkimbizi wa Urusi na rubani wa majaribio wa Sikorsky.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 biashara ya ndege kubwa za majini ilififia, na Sikorsky akarudia ndoto yake ya helikopta. Tatizo kubwa lilikuwa hili: panga kubwa la juu likizunguka upande mmoja, mwili wa chombo hutaka kuzunguka upande wa pili. Dawa yake ilikuwa panga dogo la ubavuni mkiani, linalosukuma hewa kuuzuia mwili usigeuke. Septemba 14, 1939, huko Stratford, Connecticut, Sikorsky mwenyewe, kofia kichwani, aliiinua VS-300 inchi chache kutoka ardhini, ikiwa imefungwa kamba. Mei 1940 ikaruka bila kamba. Helikopta nyingi za leo bado zina panga hilo la mkiani.

Novemba 29, 1945, helikopta ilionyesha thamani yake: jahazi la mafuta lilikwama kwenye mwamba karibu na Fairfield, si mbali na kiwanda cha Sikorsky, dhoruba ikivuma na watu wawili wakiwa ndani. Dmitry Viner, mpwa wa Sikorsky aliyekuwa naye tangu siku za mwanzo za kampuni, aliendesha helikopta hadi juu yao, na wote wawili wakaokolewa kwa kamba ya winchi.

Sikorsky alistaafu mwaka 1957, lakini aliendelea kuwa mshauri wa kampuni hadi alipofariki Oktoba 26, 1972, akiwa na miaka 83. Alizikwa Stratford, mji ambako wakimbizi wenzake walijenga nyumba na makanisa yao kuzunguka kiwanda, na ambako helikopta zenye jina lake zinaundwa hadi leo.