Merikebu Sultana na Kumbukumbu ya Bahari

Tarehe 4 Julai 1986, merikebu za matanga kutoka mataifa mengi ziliandamana katika bandari ya New York kuadhimisha miaka 100 ya Sanamu ya Uhuru. Miongoni mwazo ilikuwamo Shabab Oman, yaani Vijana wa Oman. Chombo hicho cha mbao, chenye milingoti mitatu, kiliundwa Buckie, Uskoti, mwaka 1971, kikanunuliwa na Oman mwaka 1977 ili vijana wafundishwe ubaharia. Aghalabu sherehe za namna hii hutazamwa kwa ajili ya uzuri wa matanga. Lakini kuwasili kwa bendera ya Oman katika bandari hiyo kuna asili yake, na asili hiyo yaihusu pia pwani ya Afrika Mashariki.

Merikebu Sultana iliundwa Bombay mwaka 1833, mwaka ule ule Sayyid Said bin Sultan alipofanya mkataba wa biashara na Marekani. Ilitoka Maskati, ikapitia Unguja, ikaizunguka Rasi ya Tumaini Jema, na tarehe 30 Aprili 1840 ikatia nanga New York. Mjumbe wa Sayyid alikuwa Ahmad bin Na'aman al-Kaabi. Watu walimiminika gatini kumwona. Mchoraji Edward Mooney akamchora. Nayo serikali ya Marekani ikaitengeneza merikebu kwa gharama yake.

Yafaa shehena nayo itazamwe. Maskati ilitoa magunia 1,300 ya tende, pamoja na mazulia na buni. Unguja ilitoa pembe za ndovu 108, makasha 81 ya sandarusi, magunia 135 ya karafuu, na ngozi 1,000. Biashara ya pembe iliwategemea wapagazi waliozichukua kutoka bara hadi pwani; ile ya karafuu iliwategemea watumwa wa mashambani. Sura ya Ahmad imehifadhiwa pichani. Wapagazi na watumwa hao hawakuandikwa hata majina, wala hakuna gwaride la merikebu linalowataja.

Sultana ilirejea Unguja Desemba 1840, ikiwa na marobota ya nguo za pamba. Nguo za aina hiyo zilikuwa zimekwisha kuletwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, na Waswahili waliziita merikani. Zilienea hata bara, zikatumika mahali pa fedha: kwazo pembe zilinunuliwa, na kwazo wapagazi walilipwa ujira. Hivyo neno hili moja lamgusa mpagazi kama limgusavyo tajiri.

Shabab Oman ilistaafu mwaka 2014, na mahali pake pakachukuliwa na Shabab Oman II. Maadam merikebu hizi zaendelea kuenziwa, mwanahistoria wa pwani hana budi kuisoma orodha ya shehena na msamiati wa Kiswahili sambamba na picha ya mjumbe. Humo ndimo zilimo habari za wale ambao hawakupata kupanda chomboni, nao ndio walioijaza ngama yake.