Collins Obuya, Mkono Ulioajiriwa Uingereza

Uliza vijana wa Majengo hapa Nyeri ni Mkenya gani aliyetajirika kwa kurusha. Huenda ukatajiwa Julius Yego, naye ni mtu wa mkuki. Kulipwa kwa kurusha mpira tunakuona ni mambo ya besiboli, ya Wamarekani. Lakini Collins Obuya, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1981, aliajiriwa kwa kazi hiyo katika kriketi. Kaka zake wawili, Kennedy Otieno na David Obuya, nao waliichezea Kenya.

Hakutegemea kasi. Aliuzungusha mpira kwa kifundo cha mkono, ukadunda na kukata kona, mpigaji akabaki anapiga hewa. Ni ufundi mgumu: vidole vikikosea kidogo tu, mpira unakuwa chakula cha mpigaji.

Tarehe 24 Februari 2003, katika Kombe la Dunia, uwanja wa Gymkhana, Nairobi, Kenya ilipata mikimbio 210 dhidi ya Sri Lanka, mabingwa wa dunia wa 1996. Haikuonekana kutosha. Obuya akarusha ova zake 10, yaani mipira 60, akawatoa wapigaji 5 kwa mikimbio 24 tu, miongoni mwao Aravinda de Silva, Mahela Jayawardene na Kumar Sangakkara. Sri Lanka ikaishia 157.

Wapo wanaosema Kenya ilibebwa na New Zealand, iliyokataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama ikaacha pointi za bure. Zilisaidia, kweli. Ila Sri Lanka walikuja, wakapigwa. Kenya ilifika nusu fainali, ikasimamishwa na India mjini Durban.

Mwaka huohuo klabu ya Warwickshire ya Uingereza ikamwajiri. Hakuvuma huko. Goti lilimsumbua, na mpira uliokuwa ukimtii ukaanza kumkaidi. Wengi wangestaafu, yeye alichukua gongo. Machi 2011, kwenye Kombe la Dunia mjini Bangalore, aliwakabili Australia akafikisha 98 bila kutolewa, ova zikaisha akiwa amebakiza mikimbio miwili kutimiza mia. Kenya ilishindwa, lakini tuzo ya mchezaji bora wa mechi alipewa yeye. Kwangu mimi, siku hiyo inazidi hata ile ya Gymkhana, maana kipaji alichozaliwa nacho kilikuwa kimemkimbia.

Alistaafu mwaka 2024. Tangu ile 2011, Kenya haijacheza tena Kombe la Dunia la ova 50.