Sauti Katika Utendi na Oratorio

Mwalimu mwenzangu, wanafunzi wetu wengi hapa Eldoret wamewahi kusikia kwaya ikiimba Haleluya ya Handel. Wimbo huo umetoka katika oratorio yake, Messiah, iliyoimbwa mara ya kwanza mjini Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Oratorio ni kisa kitakatifu kinachosimuliwa kwa kuimba, bila maleba wala mandhari ya jukwaa. Jina lenyewe latokana na ukumbi wa sala wa wafuasi wa Filippo Neri, Roma.

Linganisha na Utendi wa Tambuka wa Mwengo wa Athumani, ulioandikwa Pate mwaka 1728. Huu nao ni kisa cha dini, vita vya Waislamu na Herekali, mfalme wa Warumi, nao ulikusudiwa kughaniwa. Ila zingatia nafsineni. Katika Jephte ya Carissimi, iliyokuwa imetungwa kufikia 1650, Yeftha ana mwimbaji wake, bintiye wake, na hata usimulizi umegawiwa waimbaji kadhaa. Mghani wa utendi hana msaidizi: ndiye msimulizi, ndiye mjumbe, ndiye Herekali, ndiye jeshi zima! Kinachomrejesha msikilizaji ni bahari, kile kina kinachofunga kila ubeti.

Darasani sisi huhesabu mizani nane, tukataja bahari, tukasonga mbele. Mwanafunzi haisikii ikifanya kazi ambayo Carissimi aliiachia kwaya. Wape beti kumi, kila msemaji na mghani wake. Kisha mmoja azighani zote peke yake.