Somnath, Kituo cha Mabaharia wa Sofala

Sisi tuishio Kibaha na Kisarawe, kati ya barabara ya Morogoro na vilima vya Pugu, tumeipa bahari kisogo. Hata hivyo, wazee wengi wa jamii yetu waliletwa na majahazi ya kaskazi kutoka Kathiawar na Kutch, ndipo wakapanda bara kufungua maduka. Kwa hiyo majirani wanapotuuliza asili ya ibada yetu, twapenda kuanzia ufukweni Gujarat, huko Prabhas Patan karibu na bandari ya Veraval, lilipo hekalu la Shiva liitwalo Somnath.

Hekalu hilo husimuliwa mara nyingi kwa mwaka mmoja tu, 1026, Sultani Mahmud wa Ghazni alipolivamia na kulipora. Hatulifichi tukio hilo. Lakini Al-Biruni, mwanachuoni Mwislamu wa zama zizo hizo, aliandika kuwa Somnath ilipata sifa kwa sababu ilikuwa kituo cha mabaharia waliosafiri kati ya China na Sofala, katika nchi ya Zanji. Ndiyo Sofala ya Msumbiji, kusini mwa mwambao wetu huu.

Mfalme Kumarapala alilijenga upya mwaka 1169. Kisha mwaka 1264, chini ya Mfalme Arjunadeva, likatokea jambo ambalo kwa maoni yetu lastahili kujulikana kuliko uvamizi wote. Nahodha Nuruddin Firuz wa Hormuz (na neno nahodha ni letu pia) alijenga msikiti mjini humo. Wakuu wa mji wa Kihindu walimsaidia kupata kiwanja. Maduka na kinu cha mafuta viliwekwa wakfu kwa ajili ya taa, maji, mwalimu na mwadhini, na salio lipelekwe Makka na Madina. Mapatano yalichongwa jiweni kwa Kisanskriti na Kiarabu. Jiwe la Kisanskriti lina tarehe kwa kalenda nne, ya kwanza ikiwa ya Hijria, 662, na Mungu wa msikiti huo laMwita Vishvanatha, Bwana wa Ulimwengu.

Hekalu lilivamiwa tena mwaka 1299, na hili la sasa lilizinduliwa Mei 1951 mbele ya Rais Rajendra Prasad wa India. Na lile jiwe la msikiti? Lilikutwa Veraval, ndani ya hekalu la mungu wa kike Harsata.