Kutoka Kahawa hadi Makmende: Upokezi wa Albamu ya Pili ya Just A Band

Wahakiki wetu wameuzoea utenzi na riwaya kiasi cha kuusahau muziki uliozaliwa katika vyuo vyao wenyewe. Kundi la Just A Band liliundwa mwaka 2003 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilichoko Kahawa kando ya barabara iendayo Ruiru na Thika. Albamu yao ya kwanza, Scratch to Reveal, ilitoka mwaka 2008. Ya pili, 82, ikafuata mwaka 2009. Mchanganyiko wake wa fanki, hausi na ala za kielektroniki ulikuwa nje ya kile ambacho Jauss angekiita upeo wa matarajio wa hadhira iliyolelewa kwa genge na kapuka.

Msomaji wa fasihi ya Kenya aionapo tarakimu hiyo, 82, hukumbuka jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 na kubomolewa kwa ukumbi wa Kamirithu mwaka huohuo. Hata hivyo, tusiwatwishe vijana hawa mzigo ambao hawakuuomba.

Mambo yaligeuka mwezi wa Machi 2010, ilipotolewa video ya wimbo "Ha-He". Shujaa wake, Makmende, alikuwa jina la mtaani la miaka ya 1990 kwa mtoto ajionaye jasiri kupita wenzake. Inasemekana limemegwa kutoka maneno ya Clint Eastwood katika filamu ya mwaka 1983. Hadhira haikuridhika kutazama, bali ilianza kutunga. Visa vya nguvu zake vilienea katika intaneti, kila mmoja ukiuzidi uliotangulia kwa chuku, kwa namna isiyo ngeni kwa anayeyajua masimulizi ya Fumo Liyongo. Makala kumhusu katika Wikipedia ilifutwa zaidi ya mara moja kabla ya kukubaliwa, na vyombo vya habari vya ng'ambo vikamshangilia.

Kwa maoni yangu, ushindi huo uliigharimu albamu. Fanani alimezwa na hadhira yake, na nyimbo nyingine zikabaki bila mhakiki. "Usinibore", kwa mfano, ingestahili makala nzima kwa jina lake tu: viambishi u-si-ni- vimepachikwa kwenye kitenzi cha Kiingereza, na e ya mwisho, ambayo ni tahajia tu ya Kiingereza, machoni inasimama barabara mahali pa kiishio cha hali tegemezi. Mtu akiisoma huona sarufi ya Kiswahili. Akiisikia, e hiyo haipo. Ni utani wa kimaandishi ambao Sheng hujaliwa nao mara chache, maana Sheng huishi zaidi mdomoni.

Albamu ya tatu ilitoka mwaka 2012 ikiitwa Sorry for the Delay, jina la kuomba radhi kwa kuchelewa. Barabara kuu mpya ya Thika, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka ilipotoka 82, ilizinduliwa Novemba mwaka huohuo.