Picha za mandhari: Sanaa inayotunza kumbukumbu ya nchi

UPIGAJI picha za mandhari ni tawi la sanaa ya picha linaloshughulikia sura ya nchi: milima, mabonde, mito, misitu, fukwe na anga iliyo juu yake. Mtu au mnyama anaweza kuonekana katika picha ya aina hii, lakini nchi yenyewe ndiyo mhusika mkuu. Wengi huiona kuwa pambo la kalenda na kuta za hoteli. Historia yake, hata hivyo, inaonyesha kuwa imewahi kuchangia kutungwa kwa sheria, na sasa ni ushahidi wa mabadiliko ambayo kizazi kimoja hakiwezi kuyaona kwa macho yake.

Chimbuko lake

Picha kongwe kuliko zote zilizopigwa kwa kamera na kudumu hadi leo ni ya mandhari. Mfaransa Joseph Nicéphore Niépce aliipiga karibu mwaka 1827 kutoka dirisha la nyumba yake, ikionyesha mapaa ya majengo ya jirani. Kamera ililazimika kuachwa wazi kwa saa nyingi ili mwanga uchore umbo hilo.

Nchini Marekani, Carleton Watkins aliingia katika bonde la Yosemite mwaka 1861 akiwa na kamera kubwa iliyotumia sahani za kioo zenye upana wa zaidi ya nusu mita, mizigo yake ikibebwa na nyumbu. Picha zake ziliwafikia watu ambao hawakuwahi kukanyaga huko, na zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyojenga hoja ya kulinda bonde hilo. Mwaka 1864, Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyoikabidhi California eneo hilo lihifadhiwe kwa manufaa ya umma.

Miaka saba baadaye, William Henry Jackson alifuatana na msafara wa wapimaji ardhi hadi Yellowstone. Picha zake, pamoja na michoro ya Thomas Moran, zilionyeshwa kwa wabunge, na Machi 1, 1872 Yellowstone ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa.

Mwanga kabla ya kamera

Mabingwa wa fani hii husema kuwa mwanga ndio kalamu ya mpiga picha. Jua la utosi hufupisha vivuli, na mlima ukaonekana bapa kama karatasi. Jua la asubuhi na la jioni hupita kwa ubavu, likaonyesha kila bonde na kila mgongo. Katika nchi zilizo karibu na Ikweta jua huchomoza na kuzama upesi, hivyo muda huo ni mfupi na mpiga picha hana budi kufika mapema.

Ili vitu vya karibu na vya mbali vionekane vizuri kwa pamoja, tundu la lenzi hufanywa dogo. Mwanga unaoingia ukipungua, lenzi huachwa wazi kwa muda mrefu zaidi, na ndiyo sababu kamera huwekwa juu ya stendi ya miguu mitatu isitikisike.

Hata hivyo, vifaa havimalizi kazi. Mwaka 1927, Mmarekani Ansel Adams alipanda hadi mbele ya jabali la Half Dome akabakiwa na sahani mbili tu. Ya kwanza aliipiga kwa kichujio cha njano, kisha akaona kuwa isingeonyesha ukuu wa jabali hilo kama alivyouhisi. Ya mwisho aliipiga kwa kichujio chekundu, anga ikawa nyeusi, na picha hiyo ikamjengea jina.

Kilimanjaro katika picha

Afrika Mashariki ina mfano wake. Mwaka 1912, Wajerumani Fritz Klute na Eduard Oehler waliupiga picha Mlima Kilimanjaro kwa ajili ya kuchora ramani. Kutokana na kazi hiyo inajulikana kuwa barafu ya mlima ilifunika takriban kilomita 12 za mraba. Kufikia mwaka 2011 ilikuwa imebaki chini ya kilomita mbili za mraba. Bila kumbukumbu za kale, mjadala wa kiasi kilichopotea ungebaki masimulizi ya wazee dhidi ya mashaka ya vijana.

Hata hivyo, picha inaweza kumpotosha asiyekuwa makini. Baada ya mvua, kilele cha Kibo hufunikwa na theluji mpya, na mtazamaji anaweza kudhani kuwa barafu imerudi. Theluji hiyo huondoka baada ya muda mfupi, ilhali barafu ya kudumu imejengeka kwa miaka mingi. Kwa hiyo anayelinganisha picha mbili hana budi kuhakikisha kuwa zimepigwa mahali pamoja, kuelekea upande mmoja na katika majira yanayofanana.

Picha bila tarehe

Siku hizi simu ya mkononi imemfanya karibu kila mkazi wa mjini kuwa mpiga picha. Kinachokosekana mara nyingi ni maelezo. Katika nyumba nyingi zimo picha za ufuko, mto au kilima kabla ya ujenzi kufika, lakini nyuma yake hapana mwaka wala jina la mahali. Picha ya namna hiyo hupendeza, lakini ni vigumu kuithibitishia jambo lolote.

Maelezo yanayohitajika ni machache: tarehe, jina la mahali, sehemu aliposimama mpiga picha na upande alioelekea. Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wahenga, na sura ya nchi nayo ni mali.