Mchoro na Jina Lake: Picha za Mifugo na Nchi katika Usukuma

Wanaoandika juu ya sanaa ya Afrika ya Mashariki hawakosi kutaja vinyago vya Wamakonde na milango ya nakshi ya Pwani. Kuta za Usukuma hazitajwi sana. Makala haya yahusu nchi iliyo kusini ya Ziwa Viktoria, kutoka Shinyanga mpaka Geita penye machimbo ya dhahabu, na yataka kuonyesha jambo moja: kwamba katika nchi hiyo picha ya mnyama au ya nchi haikusimama peke yake, bali ilifuatana na jina na maelezo yake, na kwamba picha iliyotengwa na jina lake imepoteza nusu ya ushahidi wake.

Yafaa tuanze na maneno yenyewe. Kitenzi *chora*, ambacho leo twakitumia kwa kazi ya kalamu na ya brashi, katika kamusi sanifu ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 chapewa kwanza maana ya kukata nakshi. *Sanamu* lilikuwa neno la kila mfano wa kitu, ukiwa wa kuchongwa au wa kuandikwa kwa rangi. *Picha* lilipoingia kutoka Kiingereza ndipo maneno haya mawili yalipogawana kazi. *Mandhari* na *taswira* asili yake ni Kiarabu, na *rangi* ni Kiajemi. Msomaji asidhani ya kuwa watu waliokosa neno moja la kujumlisha walikosa jicho la kuona. Jicho walikuwa nalo, na majina waliyoyatoa yaliingia katika mambo madogo madogo kuliko neno *mandhari* liwezavyo kuingia.

Ushahidi mkubwa wa michoro ya Usukuma umehifadhiwa na Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa mambo ya jamii katika serikali ya Tanganyika, naye alifariki mwaka 1962. Kitabu chake juu ya michoro ya kutani ya wacheza nyoka kilitolewa London mwaka 1953. Wacheza nyoka hao ni Bayeye, chama chenye siri, dawa na miiko yake. Ndani ya nyumba zilizotumika kwa mafundisho ya chama, kuta za udongo zilichorwa watu, nyoka na viumbe wengine. Mwanachama mpya hakuonyeshwa picha hizo apate kustarehe, alifundishwa kwazo. Kila umbo lilikuwa na maana ambayo mwalimu aliieleza, na asiyeambiwa maana hiyo aliona umbo tu. Kwa hiyo thamani ya kazi ya Cory haimo katika nakala za michoro peke yake. Imo zaidi katika maelezo aliyoyaandika kando ya michoro, maana kuta zenyewe zilikuwa za udongo, na nyumba ya udongo haidumu miaka mingi. Karatasi zake nyingine zimewekwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Michoro hiyo ilitegemea hasa rangi tatu: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Mtu aweza kusema kwamba sababu ni upungufu wa vifaa, maana udongo na makaa hayatoi zaidi ya hizo. Lakini mwanafunzi wa lugha ataona jambo jingine. Katika Kiswahili ni sifa za rangi hizo tatu tu zinazokubali viambishi vya ngeli: twasema ng'ombe mweupe, udongo mweusi, kuta nyekundu. Rangi nyingine zote ni majina yaliyoazimwa kwa vitu: *kijani* kwa jani, *kijivu* kwa jivu, *kahawia* kwa kahawa, *manjano* kwa kiungo cha mchuzi. Hali ya namna hii yapatikana katika lugha nyingi za Kibantu. Sidai kwamba sarufi ilimwongoza mchoraji. Nasema kwamba ukuta na lugha vilikuwa na msingi mmoja, na kwamba rangi zilizozidi tatu zilisemwa kwa kuvitaja vitu vyenye rangi hizo.

Tukitoka ukutani tukatazama nchi, twaona desturi hiyo hiyo. Msukuma ashukapo kutoka penye vilima vya mawe mpaka bondeni hutaja udongo kwa zamu yake: *luseni*, mchanga wa sehemu za juu; *itogolo*, udongo mgumu wa mteremko wa chini; na *mbuga*, udongo mweusi wa bondeni upasukao wakati wa kiangazi, ambamo siku hizi twaona majaruba ya mpunga. Katika kila jina mmefichwa habari ya zao, ya malisho na ya maji. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa Amani, alitunga istilahi ya Kilatini, *catena*, maana yake mnyororo, kueleza mfuatano wa udongo wa namna hii katika Afrika ya Mashariki. Mkulima wa Usukuma alikuwa na majina ya pete za mnyororo huo. Tena kuna *ngitili*, yaani malisho yaliyofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate majani wakati wa ukame. Mchoraji akichora miti, majani na ng'ombe wachache, mgeni ataona pori. Mwenyeji aweza kuona ngitili, na kuuliza ni ya nani na itafunguliwa lini.

Swali hilo lina uzito, kwa sababu nchi yenyewe haikukaa katika sura moja. Katika miaka ya 1920 na 1930 vichaka vingi vya Shinyanga vilifyekwa ili kumfukuza mbung'o, kazi iliyosimamiwa na Charles Swynnerton. Pamba ikaongeza mashamba, kuni zikamaliza miti, hata sehemu kubwa ikawa tupu. Mwaka 1986 serikali ilianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, nao ulirudi kwenye ngitili za wenyeji. Baada ya miaka kama kumi na mitano malisho na misitu iliyorudishwa yalikadiriwa kupita hekta 300,000. Huko Geita mgodi wa dhahabu uliofunguliwa katika miaka ya 1930 ulifungwa mwaka 1966, na mwaka 2000 ukaanza uchimbaji mkubwa wa mashimo ya wazi, uliobadili hata umbo la vilima. Basi picha ya ng'ombe wakichunga chini ya kilima, bila mwaka na bila jina la mahali, yatuambia nini? Haisemi hata kama kilima hicho kingalipo.

Katika nchi jirani kazi ya kuchora maisha ya kila siku ilichukua njia ya shule. Margaret Trowell, aliyefundisha Makerere tangu mwishoni mwa miaka ya 1930, aliwasimulia wanafunzi wake jambo la kijijini, nao wakalichora walivyoliona moyoni. Hata hapo neno lilitangulia picha. Mwanafunzi wake Sam Ntiro, Mchagga wa Machame, alizaliwa mwaka 1923 na kufariki mwaka 1993. Yeye alichora mavuno, mifugo na kazi za watu wa Kilimanjaro, na picha yake ya mwaka 1956 ya watu wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku imo katika Museum of Modern Art, New York. Tazama jinsi jina la picha hiyo lilivyo sentensi nzima: bila jina hilo, mtazamaji wa mbali asingejua mzigo ni nini wala waendao wanakwenda wapi. Kinyume chake, mtindo ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, ulipata sifa hasa kwa wanyama wa porini, wanaotambulika na kila mnunuzi bila mkalimani. Ng'ombe wa Shinyanga hana bahati hiyo. Asiyemjua mwenyewe, malisho yake na mahari aliyotolewa, humwona ng'ombe tu.

Siku hizi matofali ya kuchoma, saruji na mabati vimechukua mahali pa udongo katika nyumba nyingi za Usukuma. Makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza, yaliyoanzishwa kwa juhudi za Padre David Clement, yamehifadhi vyombo, ngoma na habari za vyama vya kale, na kazi hiyo yastahili sifa. Lakini chombo hukaa kabatini miaka mia. Maelezo hukaa katika kifua cha mzee, na mzee hangoji. Kwa hiyo hapana budi wanaokusanya picha za nchi hii, za kale na za leo, waandike pamoja na kila picha mambo manne: jina la mahali, mwaka, neno la Kisukuma la kila kitu kilichochorwa, na habari aliyoitoa mchoraji mwenyewe. Kazi hiyo haitaki fedha nyingi. Yataka mtu ajuaye kusikiliza, naye aifanye wakati wenye maneno wangali wapo.